Ituri: Daktari wa watoto afunzwe pia utafiti

Mtoto akiumwa koo, wazazi wengi huona ni jambo la kupita. Lakini maambukizi ya koo yasiyotibiwa yanaweza kuleta homa ya baridi yabisi, ambayo huvimbisha viungo na kuharibu vali za moyo.

Uganda, jirani wa Ituri, imeonyesha njia. Watafiti, wakiwemo madaktari wa Taasisi ya Moyo ya Uganda, waliwafuatilia kwa miaka miwili watoto 818 wa kaskazini mwa nchi hiyo, waliogunduliwa kwa vipimo kabla ya kuugua waziwazi. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kuwa ugonjwa uliongezeka kwa asilimia 0.8 tu ya waliodungwa penisilini kila baada ya wiki nne, na kwa asilimia 8.2 ya wasiodungwa.

Dawa hiyo ni ya zamani. Jipya ni madaktari waliojua kuuliza swali, kupima na kuhesabu.

Nyankunde, kusini magharibi mwa Bunia, ilijulikana kwa hospitali kubwa na mafunzo ya wauguzi, hadi shambulio la Septemba 2002 lilipoua mamia ya watu na kuwatawanya wahudumu. Huduma zilirejea, lakini usalama wa Ituri bado ni mdogo. Utafiti kama wa Uganda hudai mtoto yuleyule apatikane kila mwezi. Kijiji kikikimbia, sindano inakatika na hesabu inapotea.

Kwa hiyo masomo pekee hayatoshi. Daktari mtafiti anahitaji mashine ya kupima moyo, muda uliotengwa na kazi ya kurudia nyumbani. Bila hayo atabaki mjini alikosomea.