Mikrobe Ndani ya Mnyoo

Upofu wa mto unaletwa na mnyoo. Inzi mdogo wa maji ya mbio anamuhamisha tu toka mtu mumoja mpaka mwingine. Lakini ndani ya mnyoo huyo munakaa mikrobe, jina lake Wolbachia. Wanategemeana: mnyoo anaipa makao, nayo inamusaidia kuzaa. Dokisisiklini ikimezwa kila siku kwa juma 6, mikrobe inakufa, mnyoo mama anabaki tasa, kisha anakufa polepole. Mectizan inayogawiwa bure inaua watoto wake tu; mama anaweza kuishi zaidi ya miaka 10 akiendelea kuzaa. Basi vijana, musiseme: «Nilimeza mwaka jana, inatosha.» Wagawaji wakirudi, mumeze tena. Na dokisisiklini ni ya kuandikiwa na munganga. Mama mwenye mimba asiimeze.