Mwachie mtoto mzigo wake

WAHENGA walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walikuwa wakiwakanya wanaodharau taabu za wengine. Lakini, msomaji mpendwa, wako wazazi ambao kwao mzigo wa mtoto kamwe si usufi. Huuona mzito kupindukia, wakampokonya hata kabla hajaujaribu.

Shemeji yangu anayeishi Toronto, Kanada, alinisimulia kisa hiki alipotutembelea Krismasi. Yeye hufanya kazi zamu ya usiku. Bintiye wa miaka 12 akienda shuleni, baba ndio kwanza anarudi. Salamu zao zilikuwa za mlangoni tu. Ndipo likizo ya Julai akaamua wasafiri wawili hao kwa mtumbwi, siku nne, katika Hifadhi ya Algonquin.

Hifadhi hiyo iliyoanzishwa mwaka wa 1893 iko mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kaskazini mwa Toronto. Ni msitu uliojaa maziwa. Ufikapo mwisho wa ziwa moja, washuka, wajitwika mtumbwi na kuuvusha kwa miguu hadi ziwa la pili. Ndivyo wenyeji asilia walivyosafiri kwa mitumbwi ya magome ya miti kabla ya Wazungu kufika. Kibao cha manjano hukuonyesha njia na idadi ya mita zinazokungoja.

Mtumbwi mwepesi wa siku hizi una uzani wa kilo 20 hivi. Hugeuzwa kifudifudi, nira yake ikakaa mabegani, nawe ukaushika kwa mikono miwili. Mbu wakija, waache wale!

Walianzia Smoke Lake. Kuvuka mita 240 hadi Ragged Lake hakukuwa na neno. Kutoka hapo hadi Big Porcupine ni mita 590, tena kuna mlima mkali uliobandikwa jina Ngazi ya Shetani. Asiyeweza kubeba vyote kwa mara moja huenda, hurudi mikono mitupu, kisha huenda tena. Mita 590 zinageuka 1,770.

Msichana aliinua mkoba wake, akashangaa. "Baba, mbona wangu ni mwepesi hivi?"

Ulikuwa na nguo na blanketi tu. Hema, sufuria na chakula vyote vilikuwa kwa baba.

"Wewe bado mdogo, mama," akajibiwa.

Hakusema neno. Alitangulia. Baba, kwa kiburi chake, akajitwika mtumbwi pamoja na mfuko mzito kwa mpigo mmoja. Katikati ya mlima akateleza kwenye mzizi mbichi, akapiga goti mwambani, mtumbwi ukambwagika.

Binti alirudi mbio. "Baba, umeumia?"

Miaka yote jibu lake lilikuwa "hapana." Siku hiyo likamponyoka jingine: "Ndio. Tena nimechoka. Nimechoka siku nyingi."

Walikaa chini. Msichana akafungua mifuko, akachukua chakula chote akatia katika wake. Walipanda polepole, wakarudi kuchukua vilivyosalia. Njiani akamuuliza baba kazi ya usiku hufanana vipi. Hakuwahi kuuliza. Usiku huo, baada ya kutundika chakula mtini kwa kuhofia dubu, naye alitoa lake: jambo la shule alilolificha muhula mzima, akiogopa kumwongezea baba mawazo.

Kumbe kila mmoja alikuwa akimfichia mwenzake mzigo!

Wazazi wenzangu, si lazima tuende Kanada. Mtoto wa Umoja au Buruburu anaweza kubeba kikapu cha sokoni, kupika ugali mama akiwa kazini, na kuambiwa ukweli kwamba mwezi huu pesa hazitoshi. Apimiwe kwa nguvu zake, asitwikwe ya watu wazima. Lakini tusimnyime kabisa, kwani asiyebebeshwa chochote hujiona mgeni nyumbani kwao.

Siku ya kurudi, walipofika tena kwenye Ngazi ya Shetani, binti aliinua mfuko wa chakula akaangua kicheko. Walikuwa wamekila karibu chote, nao umekuwa kanda la usufi kweli kweli.

"Baba," akasema, "lete hema."

Baba akampa.