Lodi Aliyeuliza Swali Linalotuhusu

Tarehe 14 Machi 1996, katika Bunge la Malodi jijini London, alisimama wakili Anthony Gifford, Baron wa sita wa ukoo wake, akaihoji serikali ya Uingereza iwapo itayafidia mataifa ya Afrika na vizazi vya Waafrika kwa madhara ya utumwa. Serikali ilikataa. Sisi wa Soin, tunaoishi bondeni chini ya mashamba ya majani chai ya Kericho, tuna sababu ya kumkumbuka.

Kiti kile hakukipata kwa kura. Alikirithi mwaka 1961, akiwa bado kijana. Angaliweza kukikalia kimya, na wengi wa tabaka lake ndivyo walivyofanya. Yeye, tangu 1968, aliongoza kamati iliyounga mkono ukombozi wa Msumbiji, Angola na Guinea, wakati FRELIMO ingali na makao yake Dar es Salaam. Mwaka 1970 alishiriki kuanzisha kituo cha sheria cha North Kensington, cha kwanza cha aina yake Uingereza, ili akina yahe nao wapate mawakili. Mwaka 1991 akahamia Jamaika (ni makabaila wangapi waliohama wakifuata haki badala ya shamba?).

Waliompinga walishikilia kwamba utumwa ni jambo la kale mno. Haya, na Kericho je? Ukoo wa Talai ulihamishwa kwa nguvu hadi Gwassi mwaka 1934, kwa sheria iliyotungwa mahsusi dhidi yao. Waliopelekwa huko wakiwa watoto, baadhi yao waliishi hadi karne hii. Nayo ardhi waliyonyang'anywa Wakipsigis haikuzama baharini. Ipo, na chai inachumwa.

Wala Uingereza haikosi ujuzi wa kulipa. Mwaka 2013 ilikubali kutoa pauni milioni 19.9 kwa wahasiriwa 5,228 wa mateso ya enzi za Mau Mau. Kuhusu ardhi, kimya. Mfalme Charles alipozuru Kenya mwaka 2023 alieleza majuto yake, lakini hakuomba radhi.

Je, tungoje lodi mwingine atusemee? Sioni faida yake. Gifford mwenyewe alipoteza kiti mwaka 1999, pale malodi wengi wa kurithi walipoondolewa. Isitoshe, kalamu iko kwetu. Sheria ya kikoloni ya 1915 iliruhusu walowezi kukodishwa ardhi kwa miaka 999. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 65, ikaikata mikataba ya wageni hadi miaka isiyozidi 99. Maana yake, masharti ya mashamba yale ni jambo la Nairobi na Kericho, si la London. Mashamba yenyewe yameuzwa kutoka kampuni moja ya kigeni hadi nyingine mara kadhaa katika miaka hii michache, na sijasikia mbunge wetu akisimama kuuliza waliofukuzwa walipewa nafasi gani mezani.