Dole Gumba Lisitangulie Macho

Wazee wetu walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Leo nataka tuzungumze juu ya mali kubwa kuliko zote alizo nazo mtu wa kijijini. Mali hiyo ni nyumba yake na shamba lake.

Huku kwetu pwani, kutoka Mkinga mpaka Pangani, watu wengi wanatafuta ardhi. Mwezi wa Agosti, mwaka 2017, jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi liliwekwa Chongoleani, Tanga. Bomba hilo linatoka Uganda. Urefu wake ni kilomita 1,443. Tangu habari hizo zienee, wageni wengi wanauliza viwanja vya pwani. Na penye mnunuzi, dalali hakosekani.

Dalali si adui. Anajua nani anauza na nani ananunua. Anajua kiwanja cha karibu na barabara ni bei gani, na cha mbali ni bei gani. Mashauri yake juu ya bei yafaa kusikilizwa. Lakini tukumbuke jambo moja. Dalali hulipwa biashara ikiisha. Biashara ikivunjika, hapati kitu. Kwa hiyo shauri lake la kila siku ni hili: "Fanya upesi, mteja ataondoka." Mimi naona shauri hilo tusilifuate.

Nitawaeleza kisa cha mzee mmoja wa darasa letu. Mzee huyu alijifunza kusoma akiwa mtu mzima. Alifaulu vizuri. Siku moja alikuja darasani na karatasi mkononi. Akaniambia, "Mwalimu, tusomeeni pamoja karatasi hii." Tukaisoma polepole. Karatasi ilisema ameuza shamba "pamoja na mazao yote ya kudumu yaliyomo". Mzee akanyamaza. Yeye alidhani ameuza ardhi ya kujenga tu, upande wa barabara. Minazi yake ya upande wa pili alikuwa hakuiuza. Nazi za minazi hiyo ndizo zilizowasomesha wajukuu wake.

Nikamwuliza, "Mzee wangu, wewe unajua kusoma. Kwa nini hukuisoma kabla ya kutia dole gumba?" Akanijibu, "Mwanangu, niliona haya. Mimi husoma polepole. Mnunuzi alikuwa amesimama, dalali anatazama saa. Nikaona bora nitie dole, mambo yaishe."

Jibu hilo liliniuma. Zamani tuliona haya kwa kutojua kusoma. Sasa tunaona haya kwa kusoma polepole! Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima katika nchi yetu. Shabaha haikuwa watu wapate cheti cha kutundika ukutani. Shabaha ilikuwa mtu aweze kujiamulia mambo yake. Mtu anayesoma mstari mmoja kwa dakika tano, akauelewa, ni msomaji kamili. Mwenye haraka na angoje.

Mambo ya mzee yalipelekwa mbele ya Baraza la Ardhi la Kijiji. Ilionekana kwamba Halmashauri ya Kijiji ilikuwa haijaidhinisha mauzo yale. Watu wakakaa, wakapatana upya. Mnunuzi aliongeza fedha kidogo. Lakini minazi haikurudi, kwa sababu mzee alikuwa amekwisha kutumia fedha za kwanza, na hakuwa na za kurudisha.

Kwa hiyo mimi nashauri hivi.

Kwanza, muuzaji na mnunuzi waende kwenye Halmashauri ya Kijiji kabla fedha hazijatolewa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka mauzo ya ardhi ya kijiji yapate idhini ya Halmashauri. Sahihi ya mwenyekiti peke yake, iliyotiwa barazani kwake usiku, si idhini ya Halmashauri.

Pili, pimeni. Wengi wetu tunapima kwa hatua. Lakini hatua za mtu mrefu si sawa na hatua za mtu mfupi. Tumieni futi kamba. Ekari moja ni karibu mita 64 kwa mita 64. Waiteni majirani wa pande zote nne waoneshe mipaka.

Tatu, hesabuni miti. Huku pwani mwenye ardhi anaweza kuwa mmoja, na mwenye minazi mwingine. Andikeni idadi ya minazi, miembe na mikorosho. Andikeni ni ipi inauzwa na ipi haiuzwi.

Nne, mke na mume wakubaliane. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mnunuzi usione tabu kuuliza, "Je, mama wa nyumba hii anasemaje?"

Tano, ukinunua nyumba ya mjini yenye hati, usiridhike kuiona hati mkononi mwa muuzaji. Nenda ofisi ya ardhi, uombe upekuzi. Huko utajua kama jina ni la muuzaji kweli, na kama nyumba imewekwa rehani ya mkopo.

Najua wako watakaosema, "Huyu ni ndugu yangu. Nikimwandikisha karatasi, atasema simwamini." Mimi siafikiani nao. Karatasi si ya kumkomoa ndugu. Wewe na ndugu yako mnajua mlivyopatana. Lakini nyote mtakufa. Watoto wenu hawatajua. Karatasi ndiyo itakayowazuia wasipigane juu ya makaburi yenu. Hata Kurani, katika sura ya Al-Baqara, inawaagiza waumini waandike wanapokopeshana kwa muda, na waweke mashahidi. Kama deni la muda laandikwa, seuze ardhi ya milele?

Wengine watasema, "Nina shida leo, mtoto ni mgonjwa, sina nafasi ya kungoja vikao." Shida hiyo ni ya kweli, wala sicheki. Lakini mwenye shida ndiye anayeuza kwa bei ya kutupa. Afadhali ukodishe shamba kwa msimu mmoja, au uuze nazi, kuliko kuuza mnazi wenyewe.

Ndugu msomaji, mkononi mwako una ufunguo. Ukiletewa karatasi, keti. Vaa miwani kama unayo. Soma neno kwa neno. Usipoelewa, mwite mtu wako unayemwamini, si mtu wa dalali. Kisha ndipo utie sahihi. Macho yatangulie, dole lifuate.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mzee alitia dole gumba kabla ya kusoma?
2. Katika kijiji chenu, nani huitwa kuwa shahidi ardhi inapouzwa?
3. Andika karatasi fupi ya kuuza shamba. Taja mipaka, miti, bei na mashahidi.