Tangi la breki likivuja, gundi si dawa

Tulikuwa Migori, tayari kufunga safari ya Homa Bay kumjulia hali mama mkwe. Watoto walikwisha kuketi garini. Shemeji yangu, mwenye Corolla hiyo kuukuu, alifungua boneti kuangalia maji, akakuta kitangi cha plastiki cha mafuta ya breki kimelowa na rangi ya chuma chini yake imebambuka.

"Si kitu, shemeji," akaniambia. "Tununue gundi, tuzibe, twende zetu."

Bahati njema tulipitia kwanza kwa fundi mmoja mzee wa jua kali. Alitazama, akatikisa kichwa. "Mwalimu, gundi itakufikisha Awendo, pengine hata Rongo. Lakini ukishapita Rodi Kopany, barabara inateremka kuelekea ziwani. Huko utakanyaga nini?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike haya.

Breki hufanya kazi kwa sababu mafuta yake hayashindiliki. Ukikanyaga pedali, nguvu hupita kwenye mafuta hadi magurudumuni. Kitangi kikikauka, hewa huingia katika mabomba. Hewa hushindilika, hivyo pedali huzama hadi sakafuni na gari haliitikii. Isitoshe, mafuta haya hunyonya unyevu kupitia ufa wowote. Breki zikipata moto mteremkoni, unyevu huo huweza kugeuka mvuke, na mvuke nao hushindilika kama hewa.

Mbona gundi haifai? Plastiki ya kitangi ni ya aina isiyoshikana vyema na gundi, na mafuta ya breki huilainisha gundi ikaachia. Kuichoma kwa msumari wa moto nako huidhoofisha zaidi.

Jambo la kwanza basi ni kujua panapovuja. Pangusa kitangi kikauke kabisa, kisha uangalie unyevu unaanzia wapi. Ukianzia shingoni, kinapokaa juu ya masta silinda, yamkini kosa ni la vile vipete vya mpira vilivyokakamaa kwa uzee. Hivyo hubadilishwa bila kununua kitangi. Lakini plastiki yenyewe ikiwa na ufa, tafuta kitangi kingine, kipya au cha gari lililovunjwa, mradi kiwe kizima na cha aina ile ile.

Fundi wetu alinyonya mafuta kwa bomba la sindano, akafungua skrubu, akakitikisa kitangi polepole hadi kikatoka. Plastiki ilikuwa nzima. Vipete ndivyo vilivyopasuka. Alivilowesha vipya kwa mafuta safi ya breki, wala si grisi, akavipachika. Akajaza mafuta mapya ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, hadi karibu na alama ya MAX. Kisha akatoa hewa katika kila gurudumu, shemeji akikanyaga pedali, mpaka ikawa ngumu. Mwisho tukalijaribu gari polepole mahali tambarare.

Usitie kamwe mafuta ya injini humo; huvimbisha mipira yote ya breki. Yale uliyoyanyonya usiyarudishe. Yakimwagika kwenye rangi, osha kwa maji mara moja. Na kina mama na kina baba, msiyaweke katika chupa ya soda: ni sumu, na mtoto hajui kusoma hatari.

Na iwapo mafuta yanapungua ilhali kitangi ni kikavu, chunguza magurudumu na mabomba, au umwone fundi kabla ya safari.

Tulichelewa saa tatu. Mama mkwe alinuna kidogo, chai ikawa imepoa. Lakini tulipoanza kuteremka na ziwa likajitokeza mbele yetu, shemeji alikanyaga breki, gari likatii. Hakuna aliyelalamikia saa zile tatu.

Hadi Jumapili ijayo, safari njema.