Steki Haihitaji Matuta

Mama alikuja Dar es Salaam kutoka Tanga, na siku ya pili nikaamua kumpikia kitu ambacho hajawahi kukila kwangu. Nilikuwa nimenunua kikaango kipya cha chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Kilikuwa kizito kama jiwe la kusagia, na chini yake kulikuwa na matuta yaliyopangwa sambamba kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Nikachoma steki mbili, biringanya, pilipili hoho na vitunguu. Kila kipande kilitoka na mistari myeusi iliyonyooka, sawasawa na ile ya kwenye picha ya boksi. Nikaandaa meza. Mama akaigeuza nyama kwa ncha ya uma, akaitazama upande huu, akaitazama upande ule, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, hii nyama umeipika au umeichora?"

Nilicheka. Baadaye usiku, nikiwa nimeinama kwenye sinki nachokonoa mafuta yaliyoganda na kuungua ndani ya mifereji ya kile kikaango, sikucheka tena. Mama alikuwa amesema kweli.

Nami nasema wazi: kikaango cha matuta ni kifaa cha kuchorea. Chuma chenyewe ni kizuri, na nitakitetea hapa chini kwa nguvu zangu zote. Ila matuta yamewekwa kwa ajili ya macho, na macho hayana meno. Wateja wake wakubwa ni sisi tuliosoma, tunaoishi kwenye nyumba za kupanga zisizo na uwanja wa kuwasha mkaa, tunaotaka angalau dalili ya moto kwenye sahani.

Tuanze na mahali mistari ilikotoka. Mchoma nyama aliyesimama mbele ya wavu na mkaa hahangaiki na mistari. Inajitokeza yenyewe, kwa kuwa nondo za wavu zimeshika moto na nyama imezigusa. Lakini tazama kinachotokea kati ya nondo na nondo. Makaa yako chini, wazi, yanaipiga nyama moja kwa moja kwa joto lake jekundu. Mafuta yanadondoka juu ya makaa, yanageuka moshi, moshi unapanda na kuishika nyama. Hata sehemu isiyogusa chuma inakauka, inapata rangi, inapata harufu. Mstari ni alama tu iliyobaki, kama alama ya mkeka shavuni mwa mtu aliyeamka. Hakuna anayelala ili apate alama hiyo.

Sasa rudi jikoni kwako. Ndani ya kikaango cha matuta hakuna makaa. Moto wa gesi uko upande wa pili wa chuma. Kati ya tuta na tuta kuna mfereji, na ndani ya mfereji kuna maji yaliyotoka kwenye nyama, mafuta kidogo na mvuke. Nyama iliyoning'inia juu ya mfereji ule haichomwi. Inafukizwa. Ndiyo maana ukiikata na kuitazama vizuri utakuta mstari mweusi, kisha utepe wa kijivu wenye rangi ya nyama iliyochemshwa, kisha mstari mweusi tena. Umelipia choma, umepewa mchemsho wenye nakshi.

Hili si suala la mtazamo. Mwaka 1912 Mfaransa Louis Camille Maillard alieleza jinsi asidi za amino na sukari zinavyoungana zikipashwa joto, na kazi yake ndiyo iliyoipa jina ile hali inayogeuza nyama, mkate na kahawa kuwa vya rangi ya hudhurungi na kuvipa harufu tunayoipenda. Jikoni, hali hiyo hushika kasi uso wa chakula ukifika karibu nyuzi 140 za Selsiasi. Maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kwa hiyo, sehemu yoyote ya nyama ambayo bado imelowa haiwezi kuvuka hapo mpaka maji yake yaishe. Kwenye chuma bapa, uso wote wa nyama umelala juu ya joto, na maji yanakimbia haraka. Kwenye matuta, ni vile vilele vyembamba tu vinavyogusa. Ukisubiri mabonde nayo yapate rangi, vilele vimeshaunguza nyama mpaka ikawa chungu.

Wapo wanaosema mistari "inafungia maji ndani". Habari hiyo ni ya zamani. Mkemia Mjerumani Justus von Liebig aliieneza mwaka 1847, na imeshathibitika kuwa si kweli. Huhitaji maabara kuikataa. Ile sauti ya "chwaaa" unayoisikia nyama ikigusa chuma ni maji yanayotoka. Kama yangekuwa yamefungiwa, kikaango kingekuwa kimya.

Mboga ndizo zinazoonewa zaidi. Biringanya ni kama sifongo, na pilipili hoho na vitunguu vimejaa maji. Ukivipanga juu ya matuta, maji yanashuka mferejini na kuchemka huko. Unapata biringanya yenye michirizi mieusi juu na ubichi wa kamba katikati. Ukiilaza biringanya hiyohiyo juu ya chuma bapa chenye moto, imepakwa mafuta, haijabanana na wenzake, inashika rangi upande mzima na ndani inalainika kama siagi. Bamia zilizopasuliwa kwa urefu, upande uliokatwa ukiwa chini, hupoteza utelezi wake mwingi na kuwa na ladha karibu ya karanga. Nyanya peke yake ndiyo isikae muda mrefu, kwa sababu uchachu wake hula ile ngozi nyeusi ya mafuta inayolinda chuma.

Na hapa ndipo ninapokitetea chuma. Watu wanadhani chuma cha kusubu hupitisha joto vizuri. Sivyo. Alumini ya sufuria zetu hupitisha joto mara kadhaa zaidi. Sifa ya chuma ni uzito wake. Kinachelewa kupata moto, lakini kikiupata kinaushika. Ukitupia nyama baridi juu ya kikaango chepesi, joto linaporomoka na nyama inaanza kuchemka kwenye maji yake. Chuma kizito hakishtuki. Nacho kinataka subira: moto wa wastani kwa dakika nane au kumi kabla ya kuweka chochote, ukikizungusha mara kwa mara, maana mduara wa gesi hupasha katikati kuliko pembeni. Ile ngozi nyeusi inayong'aa ni mafuta yaliyopashwa mpaka yakashikamana na chuma. Hainunuliwi kwenye boksi. Hujengwa kwa kupika, siku baada ya siku.

Maelezo hayo yamekukumbusha kitu? Yalinikumbusha mimi, nikiwa bado pale kwenye sinki. Chuma bapa, kizito, cheusi, kinachochelewa kupata moto na kisichosuguliwa kwa mchanga: nimekijua tangu utotoni. Ni chuma cha chapati cha Mama. Kiko jikoni kwake Tanga, kimezeeka kuliko mimi, na hakuna chapati iliyowahi kunata juu yake. Kila nilichokisoma kwa Kiingereza kuhusu "kukitunza chuma" alikuwa akinifokea kwa Kiswahili nilipokuwa na miaka kumi: usikiloweke, kikaushe motoni, kipake mafuta kabla hujakiweka.

Sikukiona kwa sababu nilijifunza kukionea haya. Hilo ndilo linaloniuma, zaidi ya pesa iliyopotea. Nilipopata kazi na nyumba yangu, chuma cha chapati kilikuwa kitu cha "kule nyumbani", na kikaango cha matuta kilikuwa kitu cha mtu aliyefika. Matuta yale yaliniuzia umbali kati yangu na jiko la mama yangu. Tunasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Chuma cha Mama hakijawahi kuwa na boksi wala picha.

Haya, nisikilize na upande wa pili. Mtu atasema matuta huondoa mafuta. Kwa nyama ipi? Kwenye mabucha yetu mengi steki maana yake ni nyama isiyo na mfupa, basi, na ng'ombe aliyetembea kutafuta majani hana mafuta mengi ya kuondoa. Nyama hiyo imechinjwa alfajiri na kuuzwa asubuhi, haijapumzika ili ilainike. Tatizo lake ni ugumu, na matuta hayautibu. Kinachosaidia ni kumwomba muuzaji akukatie sarara, unene wa vidole viwili, uipake chumvi na kuiacha kwenye friji bila kuifunika siku moja au mbili. Uso unakauka, nyama inalegea. Kisha chuma bapa chenye moto wa kutosha, ugeuze mara nyingi, uipumzishe dakika tano, uikate kwa kukingama na nyuzi zake.

Mwingine atasema chakula huliwa na macho kwanza. Sawa. Lakini nyama yenye gamba la hudhurungi kutoka ncha hadi ncha ni nzuri kuitazama, na uzuri wake umetokana na kilichotendeka kwenye moto. Mistari ni ushahidi wa kughushi: inadai kulikuwa na mkaa, moshi na mtu aliyesimama juani na kipepeo. Kama unataka ladha ya mkaa, nenda kwa mchoma nyama umlipe, maana kazi yake ni halali na haina mbadala ndani ya nyumba.

Pingamizi la tatu ni la Mama mwenyewe, na hilo nalikubali. Nilipompigia simu kumwambia nataka kuchoma steki juu ya chuma cha chapati, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Chuma cha chapati hakikaangiwi nyama. Unataka wageni wangu wanywe chai na chapati zinazonuka ng'ombe?" Ana haki. Mafuta yanayojenga ile ngozi hubeba harufu. Basi nikanunua chuma cha pili, bapa, cha chapati kabisa, kwa bei ambayo ni sehemu ndogo ya ile ya matuta. Hicho ni cha nyama na mboga. Alipokuja tena alikipitisha kidole, akanusa, akasema kinahitaji mafuta zaidi.

Usiniamini mimi. Chukua kipande kimoja cha sarara, ukigawe mara mbili. Nusu ipike juu ya matuta, nusu juu ya chuma cha chapati. Fanya hivyohivyo kwa biringanya moja. Kisha subiri umeme ukatike, hutasubiri sana, ule zote mbili gizani.