Kutu Iko Chini

Mwezi huu nacheka mwenyewe, ila cheko lenyewe lina uchungu.

Jioni moja mume wangu alirudi nyumbani Uyole, Mbeya, na Land Rover 109 iliyovutwa kwa kamba. Ndani kuku walishaifanya banda! Pesa alitoa wapi? Zile zetu za kiwanja. Wiki nzima sikumsemesha.

Jumamosi nikachoka kununa. Nikachukua ndoo, sabuni ya unga na brashi. Bodi ikatakata haraka, maana Land Rover hizi, tangu zianze kuuzwa mwaka 1948, bodi yake ni ya alumini. Nikaanza kushangilia. Yeye yuko chini ya gari, akaniita: "Mama watoto, hebu njoo uone."

Akachoma chesisi kwa bisibisi, ikazama. Chesisi ni chuma. Matope ya miaka yalikaa humo yakaila kimyakimya.

"Nilijua ungekataa," akasema, "ndiyo maana sikukwambia." Nami nikakiri: nina akiba ambayo hajawahi kuijua. Tukatazamana.

Akiba hiyo ndiyo iliyomlipa fundi wa Mwanjelwa, akakata palipooza na kuchomelea chuma kipya. Breki nazo zikatengenezwa. Pasaka tukafika Iringa kwa wazazi wangu, zaidi ya kilomita 300, bila kusukuma.

Kiwanja bado. Ila daftari la pesa sasa ni moja, liko mezani. Nawe ukipenda gari la mtumba, usidanganywe na bodi. Inama kwanza, uchungulie chini.

Tukutane mwezi ujao!